Kompyuta Nne, Mizani Moja

Swali lilikuja likizo ya Desemba, nami nikalijibu kwa methali. Methali ile ilitugharimu siku tisa, swichi moja ya mtandao na mita thelathini za waya.

Mjukuu wangu alikuwa ametoka kufanya mtihani wa Kidato cha Pili. Baba yake alikuwa amenunua mnadani kompyuta nne za mezani zilizoondolewa katika ofisi fulani, akazileta kwangu Morogoro kwa sababu nina chumba kisicho na mlalaji. Feni zake zilivuma kama mashine ya kukoboa. Kijana akapakia katika ile iliyo afadhali mchezo wa mashindano ya magari alioucheza kwa binamu yake Dar es Salaam, na gari likawa linakata kona kwa kurukaruka: lipo hapa, kisha lipo pale, katikati hapana kitu. Akanifuata jikoni.

"Bibi, kompyuta moja ikishindwa, nne zikiunganishwa si zitaweza?"

"Umoja ni nguvu," nikasema, nikaendelea kuchambua mchele.

Ninyi msomao ukurasa huu mnajua jinsi methali inavyotoka kinywani mwa mwalimu wa Kiswahili. Hutoka yenyewe, kama "marahaba" inavyoifuata "shikamoo". Mimi nilikuwa nimekwisha kusahau nilichosema kabla mchele haujaiva, lakini yeye alikuwa ameupokea kama ushahidi wa mtaalamu. Nilikuwa nimemfundisha kusoma. Kwa nini asinisadiki?

Tukanunua swichi, tukanunua waya, fundi wa mtaani akabana vichwa vya waya kimoja kimoja, na jioni ya siku ya tatu kompyuta zile zikaonana. Faili liliwekwa katika moja likaonekana katika nyingine. Tulifurahi sana. Kisha akaufungua mchezo wake wa magari, na gari likaruka vilevile kama mwanzo, huku kompyuta tatu zimekaa pembeni zinavuma bila kazi kama wasindikizaji wa harusi wasioijua njia. Alijaribu kila alichoweza kujaribu mtoto wa miaka kumi na mitano. Siku ya tisa alizima zote, akaja kukaa karibu nami barazani.

"Bibi, labda methali ile ni ya watu tu."

Hakusema kwa dharau. Alisema ili kunifariji, na hilo ndilo lililoniuma. Mwalimu akikosea darasani hurudi kesho yake ubaoni akasahihisha. Nami nikaona ni wajibu wangu kujua kwa nini nilikosea, kabla kijana hajarudi shule.

Nilimwendea mwanafunzi wangu wa zamani ambaye sasa ni mwalimu wa mambo ya kompyuta, nikasoma alivyonipa, vingi vya Kiingereza, kamusi ikiwa kando. Nilichokipata kimeniingiza katika arudhi kuliko nilivyotarajia, na ndiyo sababu ninathubutu kukileta hapa.

Ziko kazi zinazogawanyika. Watu kumi wakiingia shambani kupalilia, kila mmoja na tuta lake, hakuna anayehitaji kumuuliza mwenziwe palizi limefika wapi. Kompyuta zinazijua kazi za namna hiyo na zinazipenda. Mwaka 1994, katika kituo cha Goddard cha shirika la anga la Marekani, Thomas Sterling na Donald Becker waliunganisha kompyuta 16 za kawaida, za aina iliyouzwa madukani, zikafanya kazi za hesabu ambazo zamani zilitaka mtambo mmoja wa bei ya kutisha. Washairi watapenda kujua jina walilolipa kundi lile la kompyuta: Beowulf. Ni jina la shujaa wa utenzi mkongwe wa Kiingereza, mtu anayesimuliwa kwamba mkono wake ulishika kwa nguvu za watu thelathini. Wahandisi walipotafuta jina la nguvu za wengi katika mwili mmoja waliuendea utenzi. Hata leo makundi ya kompyuta za namna hiyo huitwa kwa jina lile.

Filamu ya Toy Story ya mwaka 1995 ilichorwa kwa njia ya namna hiyo, kwa kompyuta 117. Filamu ni picha 24 kwa kila sekunde, kwa hiyo filamu nzima ni picha zaidi ya laki moja, na kila picha ni tuta peke yake. Kompyuta hii inachora picha ya 500, ile inachora ya 90,000, wala hazina la kuulizana. Picha moja iliweza kuchukua saa nyingi, na hakuna aliyelalamika, kwa sababu mtazamaji hakuwa amekwisha kukaa kwenye kiti.

Mchezo hauko hivyo. Katika mchezo mtazamaji yupo kitini, na kidole chake kipo kwenye kitufe. Picha ya sasa haiwezi kuchorwa kabla haijajulikana picha iliyopita iliishaje na kidole kimefanya nini. Mchezo mzuri huchora picha 60 kwa sekunde, yaani kila picha ina milisekunde 16 na kitu. Hesabu ya kompyuta zetu niliifanya mwenyewe kwa penseli, nyuma ya bahasha. Kioo kile cha zamani kina nukta 1,024 kwa 768. Kila nukta inataka baiti tatu za rangi. Picha moja, basi, ni baiti zaidi ya milioni mbili na laki tatu. Waya wetu na swichi yetu vilipitisha, vikiwa katika hali bora kabisa, baiti milioni kumi na mbili na nusu kwa sekunde. Gawanya: picha tano kwa sekunde, na hapo hujaihesabu kazi yenyewe ya kuichora. Ndani ya kompyuta moja, kati ya kichakataji na kumbukumbu, mawasiliano ni ya kasi mara mamia. Kompyuta jirani, hata ikiwa mita mbili kutoka hapo, ni kama jirani wa ng'ambo ya mto: ukimwazima kisu, nyama itaoza kabla hajakirudisha.

Yuko mtaalamu, Gene Amdahl, aliyeliweka jambo hili katika hesabu mwaka 1967. Sehemu ya kazi isiyogawanyika ndiyo inayoweka kikomo. Sehemu moja ya kumi ya kazi ikiwa ya lazima ifanywe na mmoja kwa mfuatano, basi hata ukileta kompyuta elfu, kazi haitaenda haraka zaidi ya mara kumi.

Niliposoma hayo nilimkumbuka mwanafunzi mmoja. Jina lake silitaji. Huenda naye anasoma hapa. Miaka mingi iliyopita niliwapa Kidato cha Tatu insha ya methali, "Umoja ni Nguvu", na wote wakaandika nilichowafundisha: vijiti katika fungu, mchwa na kichuguu, uhuru wa nchi. Yeye aliandika kuhusu ndoo ya maji. Alisema watu kumi wakiishika ndoo moja maji yatamwagika kuliko akiibeba mmoja, na kwamba kabla ya kusema umoja ni nguvu yapasa kwanza kuuliza ni mzigo gani. Nilimpa alama kumi na moja kati ya thelathini, nikaandika pembeni kwa wino mwekundu: "Umetoka nje ya mada." Sikumbuki alama za mwingine yeyote katika darasa lile.

Lakini kijana hakuridhika na ndoo. Nilipomweleza hesabu ya bahasha alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, kama ambavyo angeuliza yule mwingine kama ningempa nafasi: "Mbona basi watu wanacheza pamoja, wanne, wanane, kila mtu na kompyuta yake, na wanaonana vizuri? Hizo hazitumiani picha?"

Hazitumiani picha. Na hapa ndipo nilipoacha kusoma kwa ajili ya mjukuu nikaanza kusoma kwa ajili yangu.

Mchezo wa Doom, uliotoka Desemba 1993, ulikuwa na maajabu katika matoleo yake ya mwanzo: ungeweza kuunganisha kompyuta tatu, ya kati ikakuonyesha mbele, nyingine mbili zikakuonyesha kushoto na kulia, kana kwamba umekaa ndani ya chumba chenye madirisha matatu. Baadaye waliuondoa uwezo huo. Mtu akiona kompyuta tatu zimezunguka kiti kimoja atadhani zimegawana kazi. Hazikugawana. Kila moja iliubeba mchezo mzima, kuta zote, milango yote, majini yote, ikayahesabu yote tangu mwanzo hadi mwisho. Zilichopeana kwenye waya, mara 35 kwa sekunde, ni habari za kidole tu: amegeuka, amesogea, amefyatua. Yaliyobaki kila moja iliyajua.

Miaka minne baadaye, mwaka 1997, kampuni ya Ensemble Studios ya Dallas ilitoa mchezo wa Age of Empires, wa kujenga miji na kupigana kwa majeshi. Wawili kati ya waliouunda, Paul Bettner na Mark Terrano, waliandika mwaka 2001 jinsi walivyofanikisha vita vya wachezaji wanane kupitia laini ya simu. Kichwa cha makala yao kinataja wapiga mishale 1,500 na modemu ya kilobiti 28.8. Kasi hiyo ni baiti 3,600 kwa sekunde. Ukitaka kumweleza mwenzio kila mpiga mishale amesimama wapi, anatazama wapi na amejeruhiwa kiasi gani, hata ukitumia baiti kumi tu kwa kila mmoja, utatumia sekunde nne kueleza kilichotokea katika pepeso moja la jicho. Haiwezekani. Kwa hiyo hawakueleza. Walituma amri tu: mchezaji wa tatu amewaambia hawa waende pale. Kila kompyuta ilikuwa na jeshi zima ndani yake, la kwake na la maadui, na ikipata amri ileile wakati uleule ilifika palepale.

Nani kati yetu hajaliona jambo hili? Watu wanane wanaoujua utenzi kwa moyo hawahitaji kuandikiana utenzi. Mmoja akitaja ubeti, wote wapo. Kinachosafiri kati yao ni kidogo mno kwa sababu kilichomo ndani ya kila mmoja ni kingi mno.

Lakini lazima wawe wameuhifadhi sawasawa. Bettner na Terrano wanasimulia shida iliyowakosesha usingizi. Paa mmoja katika ramani akiwekwa mahali tofauti kidogo kabisa katika kompyuta moja, atakula majani kwa namna tofauti kidogo. Dakika kadhaa baadaye mwanakijiji aliyekwenda kuwinda atapita njia tofauti kidogo, au mkuki wake utamkosa paa, arudi nyumbani bila nyama. Katika kompyuta nyingine nyama imefika. Kutoka hapo mchezo ni miwili, na wachezaji wanaodhani wanapigana vita vimoja wanapigana viwili visivyojuana. Hata bahati imebidi iwe moja: kompyuta haibahatishi kweli, hukokotoa namba za kubahatisha kutoka katika namba ya mwanzo iitwayo mbegu, na kompyuta zote hupewa mbegu ileile. Moja ikirusha dadu mara moja zaidi ya wenzake, basi kila dadu litakalofuata litakuwa tofauti.

Kiswahili kinalo neno la kosa la namna hii, nami nalipendekeza kwa wanaofasiri mambo haya: guni. Shairi lenye guni halianguki palepale. Mizani moja inapungua katika mshororo mmoja, mwimbaji anaivuta sauti kuifidia, anayeitikia anaingia mapema, na kufikia ubeti wa tatu ukumbi mzima umepotezana bila yeyote kujua kosa lilianzia wapi. Na namna ya kulitafuta ni ileile. Kompyuta hizi, kila baada ya muda mfupi, hujumlisha ulimwengu wake wote ukawa namba moja, kisha hulinganisha namba hizo. Ikitofautiana moja, imejulikana kwamba kuna guni. Mwalimu wangu wa ushairi alihesabu mizani kwa vidole chini ya meza huku anatutazama usoni. Sasa najua alikuwa akifanya nini.

Liko jambo jingine katika makala ile ambalo nimelisoma mara nyingi kuliko yote. Ujumbe hukawia njiani, na hukawia kwa viwango tofauti, mara kidogo, mara sana. Waundaji wale hawakujaribu kuushinda ukawiaji. Waliukubali, wakaupa nafasi katika mpango. Waliugawa muda katika mikupuo ya kama milisekunde 200, na amri iliyotolewa katika mkupuo wa 1,000 haikutekelezwa mara moja, hata na kompyuta ya aliyeitoa. Iliwekewa mkupuo wa 1,002. Kufikia hapo, kila kompyuta ilikuwa imekwisha kuipata. Wote wakatenda pamoja, wamechelewa pamoja. Na walipowapima wachezaji waligundua kwamba kukawia kwa nusu sekunde kunavumilika, kama kunakuwa nusu sekunde kila mara. Kinachomuudhi mchezaji ni kukawia leo kidogo, kesho sana. Sikio la mchezaji, basi, ni sikio la msikilizaji wa shairi: halidai kasi, linadai urari.

Wahandisi wa Kiingereza wanauita utaratibu huu kwa neno la gwaride, hatua zilizofungamana. Nilipoliona neno hilo nilirudi miaka ya themanini, chuo cha ualimu, saa kumi na moja alfajiri, mchakamchaka. Tulikuwa zaidi ya mia na hamsini, wawili wawili, mstari wa kama mita mia. Kiongozi wa nyimbo alikuwa mbele. Sauti husafiri mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo mwito wake ulifika mkiani baada ya karibu theluthi ya sekunde, ambayo kwa mtu anayekimbia ni hatua nzima. Mbele wakaitikia kwa mguu wa kushoto, mkiani wakaitikia kwa wa kulia. Wiki nzima wimbo wetu ulikuwa kama maandazi yaliyoungua upande mmoja, na sisi wa nyuma tukalaumiwa kwa uvivu. Ndipo mkufunzi wa michezo, mtu wa maneno machache, akatoa amri moja: asiitike mtu pindi asikiapo. Mwito ukiisha kwa mguu wa kushoto, wacheni wa kushoto unaofuata upite, itikieni kwa ule wa pili. Miguu yetu ilikuwa inakubaliana kwa macho, kila mtu akimtazama wa mbele yake. Ni masikio tu yaliyokuwa yakitudanganya. Asubuhi ile tuliitika kama mtu mmoja. Hakuna aliyekimbia kwa kasi zaidi, wala hakuna aliyepewa mapafu mapya. Tulikubaliana tu tukawie kiasi gani.

Kuhusu neno lenyewe. Wengi wameanza kutumia "uchelewaji" kwa huku kukawia kwa ujumbe mtandaoni. Silipendi hapa. Kuchelewa kuna kosa ndani yake: kulikuwa na saa, nawe umeipita. Kukawia ni kuchukua muda tu. Ujumbe unaotoka Morogoro kwenda Mwanza haukuchelewa. Umekawia kwa kadiri ya njia. "Ukawiaji" ni neno lenye haki zaidi, na linatuunganisha na methali ambayo ningemjibu nayo mjukuu wangu kama ningekuwa na akili ya kusubiri mchele uive: kawia ufike. Sisemi methali ile ya kwanza ni ya uongo. Nasema nilimpa isiyo yake, kama kumpa mgonjwa wa jino dawa ya macho.

Zilikuwa zimebaki siku nne arudi shule. Mchezo wa magari tuliuacha. Mwanafunzi wangu wa zamani alitupatia mchezo uitwao 0 A.D., wa programu huria, hauuzwi, na unafanana sana na ule wa wapiga mishale 1,500. Nao huendeshwa kwa amri na mikupuo. Nilipenda kusikia kwamba waliouunda waliziepuka hesabu za desimali ambazo vichakataji vya aina mbalimbali huweza kuzimalizia kwa tofauti ndogondogo, wakatumia hesabu ambazo jibu lake ni lilelile katika kila kompyuta. Kijana akauweka katika kompyuta zote nne, toleo moja. Akawaita watoto wawili wa jirani. Nafasi ya nne ikabaki wazi, na kompyuta iliyobaki ilikuwa ile kongwe kuliko zote, ambayo feni yake huanza kwa kupigwa kofi.

"Bibi, kaa hapo," akasema.

Nilipewa kijiji cha Wagiriki, wanawake wachache na kuku. Sikujua kumwamuru mtu akate mti. Lakini nilifanya jambo ambalo watoto wale hawakulifanya: niliinuka, nikazunguka kutazama vioo vinne. Kwenye vioo vyote, mwanamke wangu mmoja alikuwa akitembea kuelekea kichaka cha matunda. Hakuna aliyetuma picha yake popote. Kompyuta nne, kila moja peke yake, zilikuwa zimemkokotoa, na alikuwa ameinua mguu uleule.

Vita vilianza baada ya dakika ishirini hivi. Majeshi yalipokuwa mengi kompyuta yangu ikaelemewa. Kwanza ikasita, kisha ikasimama, na kwa kuwa hakuna awezaye kuingia mkupuo unaofuata kabla ya wote kufika, vioo vingine vitatu vikasimama nayo. Mikuki ikaganda hewani. Mtoto mmoja wa jirani akanyosha shingo kusoma maneno madogo ya onyo juu ya kioo chake.

"Linasubiriwa jina gani?" akauliza.

"La Bibi," mjukuu wangu akajibu. Alikuwa ameondoa mkono kwenye kipanya, ameuweka pajani. "Iache itafika."

Feni ilivuma kwa nguvu. Nikaipiga kofi ubavuni kama nilivyoona akifanya, na sote wanne tukakaa tunatazama.